Nahodha Asiye na Tepe Begani: Namna ya Kuisoma Taswira ya Ahmad bin Na'aman

Picha hii imenifikia kwenye simu mara tatu sasa, na kila ikija huja na maelezo mapya. Mtu mzima, kilemba kichwani, ndevu, joho, macho yanakutazama moja kwa moja. Mara ya kwanza iliandikwa "Admirali wa kwanza wa Zanzibar, 1840". Mara ya pili, "Sultani wa Zanzibar alipomtembelea rais wa Marekani". Mara ya tatu aliituma ami yangu kwenye kundi la ukoo: "Balozi wa kwanza wa Waarabu Marekani, picha adimu iliyopigwa New York". Chini yake ugomvi. Huyu anasema Mwarabu, yule anasema wa kwetu, mwingine anauliza mbona admirali hana nyota hata moja.

Mtu mwenyewe anajulikana. Ni Ahmad bin Na'aman al-Kaabi, na yaliyoandikwa chini ya picha yake karibu yote yamekwenda kombo. Sidhani watu hudanganya kwa makusudi. Tatizo ni kwamba picha za namna hii zina lugha yake, na wengi wetu hatukufundishwa kuisoma.

Tuanze na neno lenyewe. Picha hiyo haikupigwa, ilichorwa. Mwaka 1840 ufundi wa kamera ulikuwa haujatimiza hata mwaka tangu Louis Daguerre autangaze hadharani Paris, Agosti 1839. Aliyetaka sura yake ibaki alikwenda kwa mchoraji, akakaa mbele yake kwa vikao kadhaa, na mchoraji akaipaka sura hiyo rangi za mafuta juu ya kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Kazi hiyo ndiyo taswira. Tofauti yake na picha ya kamera ni kubwa: kamera hunasa kilichopo, taswira huchaguliwa. Nguo, mkono umewekwa wapi, nyuma kuna nini, vyote vimeamuliwa na mtu, na mara nyingi aliyeamua ni yule anayelipa.

Wakumbuke wapigapicha wa studio wa zamani, wale waliokuwa na pazia lililochorwa ndege, mnara au bustani ya Ulaya. Mtu katoka shamba asubuhi, mchana yuko "uwanja wa ndege", kashika simu ya mezani isiyo na waya. Hakuna aliyemwita mwongo. Alikuwa anasema anataka aonekane nani. Taswira ya ofisa wa jeshi la maji hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa gharama kubwa zaidi.

Mfano mzuri wa kujifunzia uko Greenwich, London, katika jumba la makumbusho la mambo ya bahari. Ni taswira ya Horatio Nelson, aliyekuja kuwa admirali mashuhuri wa Uingereza, akiwa kijana, iliyochorwa na John Francis Rigaud. Kazi ilianza 1777. Nelson alikuwa na miaka 18, luteni mpya kabisa, na aliyeiagiza ni mkubwa wake wa melini, Kapteni William Locker. Kabla haijakamilika meli ikaondoka kwenda Jamaika, na picha ikabaki kwa mchoraji, nusu yake imekwisha na nusu bado.

Nelson hakurudi hadi miaka mitatu na ushei baadaye, na hakurudi yuleyule. Amepanda cheo, ni kapteni tangu Juni 1779. Amekonda, homa za Amerika ya Kati zimemmaliza. Basi Rigaud akaichukua picha ileile ya kijana na kuirekebisha. Mikono ya koti akaipaka upya iwe na mapambo ya dhahabu ya kapteni. Uso akauchonga, ukawa mwembamba zaidi. Nyuma akaongeza ngome, ngome ya San Juan iliyoko Nikaragua ya leo. Wataalamu walipoipiga picha hiyo eksirei waliuona chini ya rangi uso wa awali, wa mviringo, wa mvulana. Nelson mwenyewe alikwisha kumwandikia Locker mwanzoni mwa 1781 kwamba picha haitafanana naye hata kidogo, lakini wamwambie Rigaud aongeze uzuri kidogo, nayo itakuwa imetengenea.

Sasa iangalie ile ngome. Ukiikuta kwenye taswira ya ofisa, wewe unasema: aliiteka. Ndivyo unavyotakiwa useme. Ukweli ni kwamba vikosi vya nchi kavu katika msafara wa Waingereza wa kuishambulia ngome ile vilikuwa chini ya ofisa mwingine, John Polson, na ngome iliposalimu amri mwishoni mwa Aprili 1780, Nelson alikuwa amekwisha ondolewa pale kwa ugonjwa. Alishiriki, tena kwa ushujaa. Ila ngome iliyo nyuma yake ni dai lake, na dai lazima lipimwe.

Hapo hapo unapata kanuni za kusoma taswira za jeshi la maji la Ulaya. Cheo hukaa kwenye nguo. Kazi hukaa nyuma ya mtu. Na mwaka huweza kukaa mwilini: ukimwona Nelson ana mikono miwili, jua inaonyesha kabla ya Julai 1797, maana mkono wa kulia aliupoteza Tenerife mwezi huo. (Na kile kitambaa cheusi cha jichoni, kama cha maharamia wa sinema, hakukivaa. Jicho la kulia liliacha kuona baada ya vita vya Calvi mwaka 1794, lakini lilibaki mahali pake, wazi.) Hata mapambo ya mabegani ya nyuzi za dhahabu yana tarehe. Jeshi la maji la Uingereza liliyaingiza rasmi kwenye sare mwaka 1795, ndiyo maana Rigaud hakuyachora.

Vyeo navyo vinawachanganya watu, hasa hiki cha kapteni. Kapteni wa nchi kavu ni ofisa wa ngazi za chini anayeongoza kama askari mia hivi. Kapteni wa jeshi la maji, kwa mpangilio wa Kiingereza, ni mkubwa sana: analingana na kanali. Jina moja, ngazi mbali kabisa. Halafu kuna kapteni kwa maana ya yeyote anayeongoza chombo, hata kama cheo chake rasmi ni kidogo. Na admirali, neno ambalo kaka zetu wa mtandaoni hulitumia kumpandisha mtu hadhi ya Kizungu, asili yake ni Kiarabu: ni "amiri" tuliye naye kwenye amiri jeshi. Limezunguka Ulaya likarudi limevaa koti.

Na kanuni hizo ndizo zinazotukwamisha tukimrudia Ahmad. Ukimtafuta cheo begani, hukioni. Ana joho, hana tepe. Msomaji wa haraka anahitimisha mawili: ama si mtu wa bahari, ama ni mkubwa kiasi kwamba hahitaji alama, basi atakuwa sultani. Yote mawili ni kuisoma khati ya Kiarabu kwa herufi za Kirumi.

Katika Bahari ya Hindi cheo hakikushonwa kwenye koti. Mkubwa wa chombo aliitwa nahodha, neno tulilolipata kutoka Kiajemi, likiwa na maana ya bwana wa chombo. Leo tunalitumia kwa yeyote, hadi mchezaji anayevaa kitambaa mkononi uwanjani. Lakini nahodha wa zamani hakuwa lazima ndiye anayejua njia. Hiyo ilikuwa kazi ya malimu, aliyepima jua na nyota na kujua chombo kiko wapi. Sarahangi aliwasimamia mabaharia. Msukani alishika usukani. Karani aliandika shehena. Nahodha yeye alibeba jambo moja zito kuliko yote: dhamana. Chombo, mali, watu, heshima ya mwenye mali, na neno la mwisho mkifika ugenini na mnunuzi anataka kuwapunja.

Fikiria basi la mkoani. Dereva anaijua barabara. Konda anahesabu abiria. Lakini kuna yule anayekaa kiti cha mbele, hagusi usukani, na likitokea jambo kituo cha polisi au kwa wakala wa tiketi, dereva na konda wote wanamgeukia yeye. Anaweza kuwa tajiri mwenyewe au mtu wa tajiri. Ahmad bin Na'aman alikuwa mtu wa tajiri, na tajiri alikuwa Sayyid Said bin Sultan.

Hapa turekebishe maelezo ya pili. Sayyid Said alikuwa mtawala wa Omani aliyeyahamishia makao yake Unguja, akitawala pande zote mbili za bahari. Usultani wa Zanzibar kama dola ya peke yake ulikuja baada ya kifo chake mwaka 1856, wanawe walipogombania urithi na mwaka 1861 ikaamuliwa kuwa Omani na Zanzibar zitengane. Kwa hiyo mwaka 1840 hapakuwa na "Sultani wa Zanzibar" wa kwenda kumtembelea mtu, na Said mwenyewe hakukanyaga Marekani. Alimtuma Ahmad, mmoja wa watu wake wa karibu, mtu wa kalamu aliyekuwa akimwandikia barua zake. Naam, karani. Kwa fikra za Ulaya karani na kamanda wa meli ni watu wawili wasiokutana. Kwa Said, aliyeaminika kuandika siri za mtawala ndiye huyohuyo wa kuaminiwa merikebu.

Merikebu yenyewe, Al-Sultanah, iliundwa Bombay mwaka 1833, kwa umbo la Kizungu, milingoti mitatu, mizinga 14. Watu hubishana kama ilikuwa manowari au meli ya biashara. Jibu ni kwamba Said hakuzitenga. Alikuwa na jeshi la maji la kuheshimika, hata aliweza kumzawadia Mfalme William IV wa Uingereza meli nzima, Liverpool, ya mizinga 74, ambayo Waingereza waliibadili jina wakaiita Imaum. Lakini meli ya vita isiyo na vita hula fedha: mabaharia wanataka chakula, matanga yanachakaa, mbao zinaoza. Said alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine. Amani ikiwepo, mizinga inabaki juu na marobota yanaingia chini.

Na marobota yaliyoingia safari ile yanajulikana. Magunia 1,300 ya tende, marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi na 100 ya buni ya Mokha, yaliyopakiwa upande wa Arabuni. Unguja zikaongezwa pembe 108 za ndovu, makasha 81 ya sandarusi (utomvu mkavu wa miti), magunia 135 ya karafuu na ngozi kavu 1,000. Rudia orodha hiyo polepole utaiona ramani nzima ya biashara ya Said, kuanzia Basra hadi bara la Tanganyika ambako zile pembe zilitoka, na utakumbuka zilishuka pwani juu ya mabega ya nani.

Februari 1840 Al-Sultanah ikang'oa nanga Unguja, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 30 Aprili ikaingia New York. Mji ukataharuki. Watu walimiminika gatini kuwatazama mabaharia wenye vilemba, na magazeti yakawaandika kwa mchanganyiko wa adabu na ushamba. Hatuna haja ya kupaka rangi: utumwa ulikuwa pande zote mbili za safari ile. Uchumi wa Unguja uliukalia, na katika majimbo ya kusini ya Marekani ulikuwa bado ni sheria ya nchi.

Je, Ahmad alikuwa balozi? Maelezo ya ami yangu ndiyo yaliyokaribia zaidi, lakini nayo yana kasoro. Balozi kwa maana ya leo huja na hati za utambulisho, huzikabidhi kwa mkuu wa nchi, hukaa, hufungua ofisi. Ahmad alikuja na barua na zawadi kwa rais, akauza shehena, akanunua shehena, akarudi. Urafiki wa nchi mbili hizi ulikuwa umekwisha andikwa kwenye mkataba wa 1833, uliotiwa saini Muskat na Mmarekani Edmund Roberts, na tangu 1837 Richard Waters alikuwa amekaa Unguja kama konseli wa Marekani. Mjumbe ndilo neno lake. Mjumbe anayefanya biashara, na kwa Said hayo mawili hayakuwa na mpaka.

Zawadi nazo zimezaa hadithi yake. Rais wa wakati ule, Martin Van Buren, aliletewa farasi wawili wa Kiarabu, lulu, mashali, marashi, upanga na vinginevyo, naye hakuvipokea. Mtandaoni hili husimuliwa kama dharau kwa Mwislamu au Mwafrika. Sivyo. Katiba ya Marekani inamkataza mwenye cheo cha serikali kupokea zawadi ya mfalme au dola ya nje bila idhini ya Bunge. Van Buren alijikuta njia panda, akikataa anamvunjia Said heshima, akipokea anavunja katiba. Bunge likaingilia kati, likaruhusu zipokelewe kwa niaba ya taifa. Farasi wakapigwa mnada. Sijui kama Sayyid Said aliwahi kuelezwa mwisho wa farasi wake, na kama aliyemweleza alithubutu kumtazama usoni.

Sasa, kwa nini mji wa New York umchore nahodha wa watu? Hapa ndipo picha inaponoga. Baraza la mji huo lilikuwa na mazoea. Baada ya vita vya 1812 hadi 1815 na Uingereza, liliagiza taswira za mashujaa wa jeshi la maji la Marekani na kuzitundika kwenye jumba la mji: Isaac Hull, William Bainbridge, Oliver Hazard Perry, Thomas Macdonough, kazi za John Wesley Jarvis, na Stephen Decatur wa Thomas Sully. Makoti ya buluu, mabega ya dhahabu, mikono kwenye panga. Kwa hiyo Ahmad alipofika, waungwana wa baraza walikuwa tayari na njia moja wanayoijua ya kumheshimu mtu wa bahari, nayo ni brashi. Walimpa kazi Edward Mooney, mchoraji kijana wa mjini humo, na sura ya Ahmad ikaingia kwenye mkusanyo wa taswira wa mji. Nakala nyingine iko Salem, Massachusetts, katika jumba la Peabody Essex. Salem imestahili, maana wafanyabiashara wake walikuwa wakija Unguja miaka mingi kabla Ahmad hajaiona New York.

Mooney alikuwa na mtihani ambao Jarvis hakuupata. Jarvis angepaka tepe na kila Mmarekani angeelewa. Huyu aliyekaa mbele ya Mooney hakuwa na tepe za kupaka. Kilichobaki ni kilemba, joho na uso, na mchoraji akaufanyia kazi uso. Ndiyo sababu taswira hii inamshika mtu hata kwenye kioo kidogo cha simu: lile ambalo kwa wenzake lingesemwa na bega, hapa limesemwa na macho.

Anayetaka ngome nyuma ya Ahmad, kama ile ya Nelson, aitafute dukani. Katika mali aliyorudi nayo kulikuwa na vitambaa vya pamba vya viwanda vya Marekani, kile kitambaa kigumu ambacho pwani nzima na bara hadi Maziwa Makuu kiliitwa merikani. Kilivaliwa, kilihesabiwa kama fedha, kililipiwa hongo, yaani ushuru wa kupita, njiani, kilizikiwa watu. Bibi yangu hakuwahi kusikia jina la Ahmad bin Na'aman, lakini merikani aliijua hadi siku yake ya mwisho, na hakujua kwamba ndani ya neno hilo kuna jina la nchi.

Kabla ya kuondoka, merikebu ilifanyiwa matengenezo makubwa kwenye yadi ya jeshi la maji la Marekani huko Brooklyn, bila kutozwa. Agosti 1840 ikapandisha matanga, na Desemba ikafika Unguja.

Nilimwandikia ami haya yote kwa ufupi: si sultani, si admirali, balozi kidogo, nahodha kamili. Akakaa kimya nusu saa. Kisha akaleta swali moja: "Haya mwanangu, kama yeye alikuwa anakaa kiti cha mbele, dereva nani?"

Swali la haki. Kwenda, aliyeongoza njia alikuwa Mwingereza. Kurudi, aliajiriwa kapteni wa Philadelphia aliyeitwa Sandwith Drinker, na yeye ndiye aliyekuwa akipima jua kila adhuhuri kutoka New York hadi Unguja. Drinker aliandika kumbukumbu za safari ile siku kwa siku, na zimehifadhiwa. Taswira walimchora Ahmad.